Kitabu Kimoja, Mabishano Mangapi? Wakristo Wanabishania Nini Hasa Wanapobishania Dhambi

Ubishi ulianzia kwenye kahawa tungu. Jioni moja, karibu na soko la zamani hapa Malindi, dereva wa tuktuk aliyeokoka alimwambia seremala Mkatoliki kwamba "Papa wenu ameshafungisha ndoa za mashoga." Seremala akaapa si kweli. Dereva akataja Sodoma. Kijana aliyekuwa akipita akatupa neno lake, "Msihukumu!", akaendelea na safari yake kana kwamba amemaliza kesi. Muuza kahawa, ambaye ni Mwislamu, alipangusa kikombe akauliza kwa upole, "Hebu nambieni, nyinyi watu wa kanisa. Kitabu chenu si kimoja?"

Hakuna aliyemjibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Swali la namna hiyo lina ukoo mrefu mjini hapa. Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri, akiwa njiani kwenda Goa, India, alitua Malindi. Katika barua aliyoiandika baada ya safari anasimulia jinsi mkubwa mmoja wa Kiislamu alivyomwuliza kama Wakristo wa kwao wanahudhuria makanisani kwa bidii, maana hapa, alisema, misikiti ilikuwa 17 na ni mitatu tu iliyokuwa ikipata watu. Mzee yule alikuwa na uchungu na imani ya watu wake. Ksaveri, kwa maelezo yake mwenyewe, alimjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Mtu alileta kidonda, akarudi nyumbani na hukumu. Miaka karibu 500 baadaye bado tunafanyiana hivyo, tena sisi kwa sisi.

Maneno yenyewe kwanza

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Neno la Kigiriki ambalo Agano Jipya hulitumia sana kwa dhambi ni *hamartia*, na asili yake ni kukosa shabaha. Sisi tunalo neno lenye sura zote mbili: mshale umekosa, na mtu amekosa. Kwa hiyo kabla dhambi haijawa uchafu au laana, ni kutofika pale ulipotakiwa ufike. Mabishano mengi huanza kwa sababu mmoja akisikia "dhambi" anasikia "mtu mchafu", na mwenzake anasikia "amekosa njia".

Hukumu ni ngumu zaidi, maana neno moja limebeba mizigo miwili. Nenda ukanunue samaki asubuhi. Kila mama anayejua kazi yake hufunua matamvua aone kama bado ni mekundu, akanusa, akaamua: huyu mzima, huyu kalala. Hiyo ni hukumu kwa maana ya kupambanua, na bila hiyo utalisha watoto sumu. Kisha kuna bwana afya wa kaunti, mwenye mamlaka ya kuagiza ndoo nzima ikamwagwe. Hiyo nayo ni hukumu, ila kwa maana ya kutia hatiani na kutoa adhabu. Neno la Kigiriki katika Injili lina uwili huo huo. Nalo letu linatoka katika shina la Kiarabu lililotupa hakimu na hekima pia, na ni juu yetu tunakwenda upande upi.

Rehema ina shina moja na neno la Kiarabu la tumbo la uzazi. Kiebrania nacho kina undugu huo huo kati ya maneno mawili hayo. Rehema si kupuuza kosa. Ni namna mama anavyolitazama kosa la mtoto aliyemzaa: analiona, pengine kuliko mtu mwingine yeyote, na hamtupi.

Sasa turudi kwa yule kijana mpita njia. "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi" ni maneno ya Yesu kweli, Mathayo 7:1. Lakini sura hiyo hiyo inawaonya wasikilizaji wasitupe lulu mbele ya nguruwe na wajihadhari na manabii wa uongo. Utamjuaje nabii wa uongo bila kupambanua? Na katika Yohana 7:24 Yesu yule yule anasema, "msihukumu hukumu ya macho tu, bali ifanyeni hukumu iliyo ya haki." Anachokataza kinaonekana mistari michache mbele: mtu mwenye boriti jichoni anataka kumtoa mwenzake kibanzi. Watafsiri wetu walichagua neno zuri. Anayejua nyumba za zamani za pwani anajua boriti ya mkoko ilivyo, inabeba dari. Mtu mwenye dari jichoni hawezi kuwa fundi wa macho. Hata hivyo kibanzi hakikuachwa jichoni mwa ndugu. Anaambiwa aitoe boriti kwanza, *ndipo* ataona vema.

Maswali yaliyosukana

Nikisikiliza mabishano haya, iwe kwenye matatu ya Kilifi au kwenye kikao cha kina mama, naona watu hawapingani juu ya swali moja. Yako maswali kadhaa yaliyosukana kama ukuti wa makuti, na kila mtu ameshika jani lake.

La kwanza ni kuhusu tendo: je, jambo hili ni kosa mbele za Mungu? La pili linamhusu mtu: huyu aliyelitenda ana hatia kiasi gani, akijua nini, akiwa huru kiasi gani? La tatu linahusu kanisa: tumfanyie nini, tumbatize, tumpe Meza ya Bwana, tumtenge, tumzike? Na la nne, ambalo ndilo hupenda kuruka foleni, ni la serikali: je, jambo hili liwe jinai?

Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la nne bila kujipinga hata kidogo. Marehemu Papa Fransisko alifanya hivyo hasa Januari 2023, alipoambia shirika moja la habari kwamba kuvutwa na watu wa jinsia yako si jinai. Akajiwekea pingamizi mwenyewe, kwamba watu watasema ni dhambi, akajibu: basi kwanza tutofautishe dhambi na jinai. Hapa Kenya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa utawala wa Mwingereza, bado kina kifungo cha hadi miaka 14 kwa wanaofanya mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019. Uzinzi, ambao Biblia imeutaja mara nyingi zaidi, haumpeleki mtu jela Kenya. Uchoyo haujawahi kuwa na kifungu. Kwa hiyo anayesema "ni dhambi, ndiyo maana afungwe" ana hatua moja katikati ambayo hajatueleza.

Swali la pili ndilo ambalo watu hulipita mbio, na kwangu ndilo lenye utajiri zaidi. Wakatoliki hufundisha kwamba dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue ni zito, na alikubali kwa hiari yake kamili. Likipungua moja, hatia inapungua, hata kama tendo halijabadilika. Waprotestanti wengi hawapendi kupanga dhambi kwa uzito. Watakunukulia Yakobo 2:10, kwamba aliyejikwaa katika neno moja la sheria amekosa juu ya yote. Hapo ndipo umezaliwa usemi wa mitaani kwamba "dhambi zote ni sawa". Yakobo hasemi kwamba kuiba nazi ni sawa na kuua. Anasema mwizi wa nazi asijione mtakatifu mbele ya muuaji.

Mfano unaoonyesha tofauti hii vizuri ni mazishi ya aliyejiua. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 ziliwanyima mazishi ya kikanisa watu waliojiua kwa kukusudia. Zilipoandikwa upya mwaka 1983, kundi hilo liliondolewa kwenye orodha ya wanaonyimwa. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa hilo, bado inasema kujiua ni jambo zito. Kilichobadilika ni jinsi wanavyomtazama mtu: maradhi ya akili, hofu kubwa au mateso hupunguza wajibu wa aliyetenda, na hatupaswi kumkatia tamaa ya wokovu. Jibu la kwanza limebaki pale pale, la pili limebadilika, na la tatu likafuata. Hata serikali ilifika: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Bado nimeona matanga ambako mchungaji alikataa kuingia uani, na mama wa marehemu akaimbiwa na majirani tu.

Mwanamke na mawe

Kila upande unamtaja mwanamke wa Yohana 8. Wa huruma wananukuu "Yeye asiye na dhambi miongoni mwenu na awe wa kwanza wa kumtupia jiwe", wakaishia hapo. Wa ukali wananukuu "wala usitende dhambi tena", wakaanzia hapo. Sentensi yenyewe ni moja: "Wala mimi sikuhukumu, enenda zako, wala usitende dhambi tena." Kwa lugha ya maswali yetu, Yesu hakufuta jibu la swali la kwanza, alikataa jibu la umati kwa la tatu. Na ulitangulia msamaha, wala hakuna aliyemwambia mwanamke arudi wiki ijayo na ushahidi wa kuacha.

Kuna jambo ambalo wahubiri wetu hawalisemi sana. Kisa hiki hakimo katika nakala za zamani kabisa za Injili ya Yohana zilizopo. Agostino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, aliandika kwamba wako watu walioogopa kisa hiki kingewapa wake zao ruhusa ya kuzini, ndiyo maana wakakiondoa vitabuni. Wasomi wengi leo wanadhani kilikuwa masimulizi yaliyozunguka peke yake kabla ya kuingizwa. Kwa vyovyote, hofu aliyoitaja Agostino ni ile ile ya dereva wetu wa tuktuk: tukilegeza kidogo, kila kitu kitabomoka.

Agostino huyo huyo ndiye chimbuko la "mpende mwenye dhambi, uichukie dhambi", maneno ambayo watu huapa yamo kwenye Biblia. Hayamo. Yako karibu na maneno aliyowaandikia watawa, kuhusu kuwapenda watu na kuchukia maovu yao. Baadaye Gandhi wa India aliyatia katika kitabu cha maisha yake na yakaenea. Si maneno mabaya. Tatizo lake ni kwamba anayeambiwa mara nyingi husikia nusu ya pili tu.

Mnazi

Tutoke vitabuni kidogo. Ukienda bara ya Malindi utamkuta mgema juu ya mnazi asubuhi na jioni, mboko, yaani kibuyu cha kugemea, kiunoni, kisu mkononi. Kwa Wagiriama mnazi, yaani tembo la mnazi, si kileo tu. Posa haiendi bila kadzama, mnazi wa kuposea, mahanga, yaani matanga, hayakamiliki bila mnazi, na kesi ya wazee ina mnazi wake. Mkatoliki atakunywa, akaenda Misa. Muumini wa kanisa la Kipentekoste akionekana mangweni, kule mnazi unakonywewa, atasimamishwa kwaya. Mwanglikana, kwa uzoefu wangu, itategemea nani amemwona.

Paulo alikutana na jambo kama hili, ingawa kwake ilikuwa nyama na divai. Katika Warumi 14 hakutoa amri moja kwa wote. Alimwambia anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula: "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Halafu akamgeukia mwenye uhuru, akamwambia asiutumie kumwangusha ndugu aliye dhaifu. Hilo linaitwa kikwazo. Mimi naweza kunywa bila dhambi. Lakini nikinywa mbele ya ndugu yangu aliyeponea chupuchupu kwenye ulevi, nimemkosea.

Kwa hiyo Wakristo wana chungu cha mambo ambayo dhamiri zinaweza kutofautiana na bado tukaitana ndugu. Ubishi mkali kuliko wote ni huu: jambo fulani ni la chungu hicho, au ni la chungu kingine ambako hakuna mazungumzo? Mzee anayepokea mahari ya binti yake kwa mnazi anasema ni la chungu cha kwanza. Mchungaji aliyezika vijana watatu waliokufa kwa pombe haramu anakataa hata kusikia.

Majibu huweza kubadilika, lakini polepole

Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, waliamua mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka abaki na mmoja. Kwenye karatasi lilikuwa jibu safi. Uani lilikuwa na maana kwamba mke wa pili na wa tatu wafungashe vitu vyao, na watoto wao, ili bwana apate ubatizo. Nani alikuwa ametenda dhambi hapo, na nani aliilipia? Miaka 100 baadaye, 1988, maaskofu wa Afrika, akiwemo David Gitari wa Kenya, walipigania azimio jipya likapita: ndoa ya mke mmoja bado ndiyo mpango wa Mungu, lakini mwenye wake wengi anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, kwa ahadi ya kutooa tena, wala asilazimishwe kuwafukuza wake zake. Angalia vizuri kilichoguswa. Si swali la kwanza. Ni la tatu.

Kisa cha pili ni cha mlangoni mwetu. Mashamba ya Malindi ya miaka ya 1870 yalilimwa na watumwa, na waliotoroka, watoro, walikimbilia Rabai na Fuladoyo kwa Wakristo. Wamisionari waligawanyika. Sheria ya Sultani wa Zanzibar ilisema mtumwa ni mali ya mtu. Wakubwa wa misheni na balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, waliwaonya wasiwahifadhi watoro. Kila upande ulikuwa na aya ya kuegemea. Paulo alimrudisha Onesimo kwa bwana wake Filemoni. Kumbukumbu la Torati 23:15 inakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. David Koi, Mkristo wa Kiafrika aliyewaongoza watoro wa Fuladoyo, aliuawa mwaka 1883 walipovamiwa. Miaka michache baadaye, kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ililipa fidia kwa wenye mali, na watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni wakapewa vyeti vya uhuru. Leo humpati Mkristo wa kutetea utumwa hata ukimlipa. Wakati ule aliyeuita dhambi aliambiwa anavuruga amani.

Sisemi kisa hiki kinaamua ubishi wa leo. Wa msimamo wa kale watakuambia, na wana hoja, kwamba Biblia yenyewe ilikuwa imepanda mbegu ya uhuru, ilhali kuhusu mapenzi ya jinsia moja haina aya ya upande wa pili. Wa msimamo mpya watajibu kwamba waandishi wa kale hawakuwa wakizungumzia watu wawili walioahidiana uaminifu. Hapo wanabishania swali la kwanza, kwa uaminifu, na hakuna namna ya kulikwepa kwa kusema tu "upendo".

Basi Papa alisema nini?

Hati iliyotoka Vatikano tarehe 18 Desemba 2023 iliruhusu padre kuwapa baraka fupi watu walio katika mahusiano ya jinsia moja, au walioachana wakaoana tena, bila ibada na bila kufanana na harusi. Hati hiyo hiyo inasema mafundisho ya ndoa hayabadiliki. Kuielewa, fikiria padre anapobariki mashua. Haulizi nyavu zina matundu ya ukubwa gani, wala hajatia sahihi kwamba uvuvi wako ni halali. Anamwombea mtu anayekwenda baharini. Ndivyo watetezi wa hati walivyoielewa. Dereva wetu, kwa hiyo, alikosea.

Lakini seremala naye asishangilie mapema. Januari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika, kupitia kwa Kadinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walisema baraka hizo hazifai kutolewa katika makanisa ya Afrika, kwa kuwa huku zingeleta mkanganyiko na kikwazo. Neno lile lile la Paulo na nyama yake. Hawakusema watu hao wasiombewe wala wasipokewe.

Waanglikana wamekwenda mbali zaidi katika kugawanyika. Azimio lao la Lambeth la 1998 lilisema mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko, na papo hapo likawataka wote kuwasikiliza watu hao na kulaani kuwaogopa na kuwachukia bila sababu. Kila upande umekata nusu yake ukaondoka nayo. Februari 2023 Sinodi, yaani baraza kuu, ya Kanisa la Uingereza ilikubali mpango wa sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Aprili mwaka huo wahafidhina, wengi wao Waafrika, walikutana Kigali wakasema hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiongozi wao.

Mwezi huo huo wa Aprili, magari ya polisi yalikuwa yakipita Malindi kuelekea Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri mmoja, anayedaiwa kuwafundisha wakatae shule na hospitali na wafunge kula hadi kufa, ilikuja kufukuliwa msituni. Tangu hapo, mtu wa huku akisikia mhubiri anataja shule au hospitali kuwa dhambi, anaangalia mlango uko wapi. Nadhani hilo limebadilisha sikio letu kuliko azimio lolote la Lambeth au Kigali.

Nilimrudia muuza kahawa siku nyingine, nikamweleza hadithi ya maswali manne, kwa kirefu kuliko alivyotaka. Dereva wa tuktuk alikuwepo. Muuza kahawa alisikiliza mpaka nikamaliza, akamimina, akasema, "Sawa. Basi na yule mgema mliyemtoa kwaya, mabati ya kanisa lenu alichanga nani?"

Dereva alikunywa kahawa yake taratibu. "Hilo," akasema, "muulize mhazini."